Ukurasa wa wavuti wa kusindikiza mada ya kongamano: niweke nini, nipandishe wapi?

Kituo_Kifupi

Habari zenu wakuu. Nina mada ya kuwasilisha kwenye kongamano baada ya wiki tano hivi, nimepewa dakika 12 za kuongea na 3 za maswali, basi. Utafiti wangu unahusu vituo, yaani pale mtu anaposoma kwa sauti akanyamaza kidogo katikati ya sentensi. Nimewarekodi watu 40 wakisoma matini ileile moja, nikapima kila kimya kwenye Praat (programu ya kuchanganua sauti). Shida ni kwamba ndani ya dakika 12 siwezi kuwasikilizisha watu chochote cha maana, labda vipande viwili vya sauti, na majedwali yangu ni makubwa, nikiyabana kwenye slaidi hayasomeki hata na aliyekaa mstari wa mbele.

Supavaiza kaniambia tengeneza ukurasa wa wavuti wa kusindikiza mada, weka QR kwenye slaidi ya mwisho, atakayetaka zaidi atafuata huko. Wazo nimelipenda sana ila nimekaa nalo wiki nzima sijui pa kuanzia. Nilichofikiria ni kupandisha slaidi zenyewe kama PDF, rekodi zote 40 na faili la Excel, nimalize. Ila najiuliza kama hiyo inatosha au nitakuwa nimemwaga tu vitu mtandaoni. Alafu naogopa kitu kingine, pepa yenyewe bado sijaipeleka kwenye jarida, nikianika kila kitu si kuna mtu ataniwahi? Na nipandishe wapi, seva ya chuo, blogu, folda ya Google Drive, au ninunue domeni? HTML naijua kidogo sana. Naombeni uzoefu wenu mliowahi kufanya.

Mshale22

Folda ya kushea achana nayo mkuu. Mimi niliwahi kuweka linki ya folda kwenye slaidi, ruhusa nikawa sijaibadilisha, kila aliyefungua akaambiwa aombe ruhusa kwanza. Jioni nafungua email nakuta maombi 17, nikawafungulia wote usiku uleule na kuwaandikia mmoja mmoja, wakarudi wawili tu. Mtu anakuwa na hamu ya kazi yako dakika ileile anapokusikiliza, ukimkwamisha hapo hapo umeshampoteza. Mpaka leo linaniuma maana mmoja wao alikuwa anafanya kitu kinachofanana kabisa na changu.

Bi_Fahirisi

Kabla ya yote ndugu yangu, kabla hata ya kuuliza upandishe wapi: fomu ya ridhaa waliyosaini hao watu 40 inasemaje? Umeandika "rekodi zote 40" kama vile ni zako kuziweka popote. Sauti ya mtu inamtambulisha. Ukifuta jina ukaita faili "msomaji07" bado mdogo wake akisikia anajua ni nani, na siku hizi kuna programu zinazoweza kuiga sauti ya mtu kutoka kwenye kipande kifupi tu. Kama fomu ilisema rekodi zitatumika kwa utafiti na zitasikilizwa na watafiti wa mradi, basi kuziweka wazi mtandaoni ni kuvunja ahadi uliyowapa, na ukishapandisha kitu huwezi kukirudisha, kuna watu watakuwa wameshadaunlodi. Rudi kaisome hiyo fomu neno kwa neno, alafu ongea na kamati ya maadili iliyokupa kibali. Nakusisitizia hili kwa sababu kazi yangu ni kwenye hifadhi ya kidijitali ya machapisho na hili ndo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote, na karibu wote wanaolifanya ni watu wema tu walikuwa na haraka.

Nijibu hilo kwanza, mengine nitarudi kuyaandika nikitoka kazini.

Kituo_Kifupi

Dada Bi_Fahirisi ahsante sana, nimeenda kuisoma. Inasema "rekodi zitatumika kwa madhumuni ya utafiti huu" na kwamba dondoo zinaweza kuchapishwa bila jina. Ya kuweka sauti wazi haipo kabisa. Nimeishiwa nguvu kidogo maana sauti ndo ilikuwa roho ya ukurasa wenyewe. Sasa nitawaonyesha nini?

Tarakimu

Usiishiwe nguvu, hapo kuna njia. Wewe unapima vituo, si maneno. Kwenye Praat chukua rekodi, itoe kitu cha Pitch (rekodi ya kupanda na kushuka kwa sauti), alafu kutoka kwenye hicho Pitch unatengeneza sauti ya aina ya "hum". Utapata mvumo tu, unapanda na kushuka kama msomaji alivyopandisha na kushusha sauti, na pale aliponyamaza unanyamaza. Maneno hayasikiki, na ile rangi ya sauti yake inayomtambulisha inapotea. Angalia kitu kimoja tu, konsonanti zisizo na mvumo kama p, t, k, s nazo zitatoka kama kimya kwa hiyo vituo vingine vitaonekana virefu kuliko vilivyo, ulieleze hilo pembeni ya kicheza sauti kwa sentensi moja.

Njia ya pili, rahisi zaidi: soma mwenyewe. Chagua mifano minne mitano, isome kwa sauti yako ukiiga vituo vya msomaji husika, uipime kwenye Praat mpaka ikaribiane, uandike wazi kwamba hii ni sauti ya mtafiti akiiga mfano fulani. Msikilizaji anaelewa kabisa. Au watafute wahojiwa watatu wanne uwaombe ridhaa mpya ya maandishi kwa ajili ya vipande vyao tu, wengi hukubali wakielezwa vizuri, asiyekubali unamshukuru unaendelea.

Bi_Fahirisi

Njia zote tatu za Tarakimu ni safi, ila ile ya ridhaa mpya ipitishe kwa kamati kwanza usiende kichwakichwa.

Haya nimerudi. Naomba uvumilie nitaandika kirefu.

Swali lako la "niweke nini" umelijibu kwa kuorodhesha ulichonacho: slaidi, rekodi, Excel. Geuza. Mfikirie mtu aliyekaa ukumbini, amekusikia dakika 12, anatoka na kiu gani? Halafu mfikirie wa pili ambaye hakuwepo, kapewa linki na mwenzake miezi sita baadaye, anafungua kwenye simu yuko njiani. Hawa wawili ndo unawaandikia. Slaidi peke yake haimsaidii hata mmoja maana wa kwanza ameshaziona na wa pili hatazielewa bila wewe kuwepo kuongea. Slaidi nzuri ina maneno machache, maelezo yapo mdomoni kwako, sasa ukiipandisha bila mdomo inabaki mifupa.

Kwa hiyo anza na aya moja juu kabisa inayosema ulichouliza na ulichokikuta, kwa lugha ambayo hata mtu asiye wa fani yako ataielewa. Siyo ikisiri uliyotuma kwa waandaaji, ile uliiandika ili ukubaliwe. Hii iandike kama unamwambia rafiki. Jina lako, kongamano gani, tarehe gani, na njia ya kukupata (kama una ORCID, ile namba ya utambulisho wa mtafiti, weka hiyo, inakufuata hata ukihama taasisi, email ya chuo huwa inakufa ukimaliza). Baada ya hapo ndo mifano ya sauti, kila mmoja na picha yake ya mawimbi na sentensi mbili za kueleza msikilizaji asikilize nini. Usimwachie mtu faili linaloitwa mfano3 bila neno, hatajua ni mfano wa nini.

Alafu, na hapa ndo ukurasa unapopata thamani yake hasa, weka yale ambayo ungeulizwa na usingekuwa na muda wa kujibu. Mfano wewe lazima utaulizwa: umehesabu kimya cha urefu gani kuwa ni kituo? Maana chini ya hapo ni mtu anafunga tu midomo kutamka p au t.

Kituo_Kifupi

Nimetumia milisekunde 250, nimemfuata Frieda Goldman-Eisler, mtafiti wa vituo katika usemi, yeye alikuwa anakata hapohapo kwenye robo sekunde. Ila ni kweli najua wapo watakaosema ni juu mno.

Bi_Fahirisi

Basi ndo hiyo sasa! Kwenye slaidi utaonyesha matokeo ya 250 tu maana muda hakuna. Kwenye ukurasa unarudia hesabu ileile kwa 150, 200, 250 na 300, unaweka majedwali manne au chati moja yenye mistari minne. Mtu akinyoosha mkono akauliza "ungekata kwenye 150 ingekuwaje?" humwambii "ni swali zuri, tutaliangalia mbeleni", unamwambia matokeo yapo, mwelekeo unabaki au unabadilika, fungua sehemu ya tatu ya ukurasa utaona. Nimewahi kumsikia mtu akijibu hivyo ukumbini na nikaona namna wasikilizaji walivyokaa vizuri kwenye viti vyao.

Andika maswali kumi unayoyaogopa. Yale ambayo jibu lake linahitaji jedwali au sauti au picha yapeleke kwenye ukurasa, mengine jiandae kuyajibu kwa mdomo.

Kuhusu faili la Excel, liweke kama CSV (jedwali la maandishi matupu) yenye usimbaji wa UTF-8 ili lifunguke popote, na pembeni yake faili dogo la maandishi linaloeleza kila safu ina maana gani na kipimo chake ni nini. Safu inayoitwa "dur" ikiwa na 0.31 wewe unajua ni sekunde, mwenzako atajiuliza. Na futa chochote kinachoweza kumtambulisha mhojiwa, siyo jina tu, hata umri pamoja na kazi pamoja na lugha ya kwanza vikikutana katika kundi la watu 40 vinamtaja mtu mmoja. TextGrid zako (mafaili ya Praat yenye alama ulizoweka kwenye rekodi) nazo zipitie, mara nyingi watu huacha jina la mhojiwa kwenye jina la tabaka humo ndani wakasahau.

Mzee_wa_Jedwali

Mimi nitatofautiana na wenzangu kidogo. Miaka yote niliyohudhuria makongamano nimeona kurasa hizi zinatengenezwa kwa mbwembwe alafu baada ya miaka miwili ukibonyeza linki haifunguki. Pew Research Center walitoa utafiti 2024 wakaonyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 zilikuwa hazipatikani tena muongo mmoja baadaye. Huko ni kwenye wavuti kwa jumla, ila kurasa za wanafunzi kwenye seva za vyuo nadhani mnajua wenyewe zinavyoondoka, unamaliza masomo akaunti inafungwa, ukurasa unaenda nayo.

Kwa hiyo ushauri wangu, achana na ukurasa. Peleka vitu Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya kazi za utafiti, inaendeshwa na CERN (kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya) tangu 2013, ni bure, rekodi moja inabeba mpaka GB 50, unapewa DOI (kitambulisho cha kudumu cha kazi mtandaoni), DOI hiyo ndo unaweka kwenye slaidi. Imeisha. Muda wa kuhangaika na HTML utumie kufanya mazoezi ya kuongea.

Tarakimu

Mzee shikamoo. Nakubali kuhusu kudumu ila si kuhusu kuacha ukurasa. Zenodo ni ghala. Mtu akifika pale anakuta orodha ya mafaili ayadaunlodi, kwa simu, katikati ya kikao, ili asikilize sekunde kumi za sauti? Hatafanya. Ukurasa anabonyeza anasikia papo hapo.

Fanya vyote viwili kila kimoja na kazi yake. Ghala libebe data, slaidi, msimbo wa hesabu na ndo linukuliwe. Ukurasa uwe mlango wa kuingilia, mwepesi, wenye sauti na maelezo, na juu yake pawe na DOI ya ghala. Siku ukurasa ukifa ghala linabaki. Na ukurasa wenyewe ukishakamilika nenda Wayback Machine ya Internet Archive uuhifadhi kwa mkono, kuna sehemu ya kuweka anwani ukabonyeza tu, usisubiri waupitie wenyewe.

Mzee_wa_Jedwali

Marahaba. Kwa mpangilio huo sina ubishi. Sharti langu moja, kwenye pepa anukuu DOI, asinukuu ukurasa.

Tarakimu

Hapo tuko pamoja.

Sasa kwa muuliza swali, kuhusu pa kuuweka huo ukurasa. Kama HTML unaijua kidogo inatosha kabisa, tumia GitHub Pages (huduma ya kuweka tovuti ya GitHub), bure, domeni si lazima ununue (domeni ukiacha kulipia inachukuliwa na mtu mwingine, na linki zako zote zinaanza kuwapeleka watu kusikojulikana, nimeona pepa za watu wazuri zikielekeza kwenye matangazo ya kamari). Kikomo cha tovuti ni GB 1 na faili moja lisizidi MB 100, wewe hutafika hata robo. Uzuri mwingine unaweza kuiunganisha na Zenodo, ukitoa toleo kule hifadhi inachukua nakala na kuipa DOI yenyewe.

Sauti: WAV peleka kwenye ghala, kwenye ukurasa weka MP3. Rekodi ya WAV ya kawaida ya 44.1 kHz biti 16 chaneli moja ni kama MB 5 kwa dakika, MP3 ya kbps 128 ni kama MB 1. Ila MP3 imepunguzwa taarifa kwa hiyo atakayetaka kupima tena apime kutoka WAV, liandike hilo. Na kwenye tagi ya audio weka preload="none" ili sauti isishuke mpaka mtu abonyeze, ukumbini watu 80 wakifungua ukurasa wako kwa pamoja kwenye wifi moja utanishukuru. Usiweke sauti inayojianzisha yenyewe, tafadhali sana.

Picha za mawimbi zihifadhi kama SVG au PNG ndogo, usipige skrini nzima ya kompyuta. Maandishi yawe na utofauti wa kutosha na rangi ya nyuma, kiwango cha WCAG (miongozo ya kuwezesha kila mtu kutumia wavuti) ni 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, kijivu hafifu juu ya nyeupe hakifiki hapo. Kila picha ipe maelezo ya alt (maneno yanayosomwa kwa asiyeiona picha), na kama ukurasa ni wa Kiswahili andika lang="sw" juu kabisa, la sivyo programu ya kusomea wasioona itausoma kwa matamshi ya lugha nyingine na haitaeleweka hata kidogo.

Neema_Bango

Naongezea ya QR maana hapo ndo wengi wanakosea, mimi hutengeneza mabango ya watafiti.

Kwanza usitumie zile huduma zinazokupa QR "inayobadilika" kwa majaribio ya bure. Ile QR haiendi kwako, inapita kwao kwanza, muda wa bure ukiisha inaacha kufanya kazi na bango lako limeshachapwa. Tengeneza QR ya kawaida ambayo anwani yako imeandikwa ndani yake moja kwa moja, hiyo haiishi muda. Vivyo hivyo na vifupisha linki, hata Google walikuwa na goo.gl wakaacha kupokea linki mpya Machi 2019, sasa mwenye huduma ndogo si ndo zaidi.

Pili anwani iwe fupi. QR ndogo kabisa ina visanduku 21 kwa 21, na kadiri anwani inavyorefuka visanduku vinaongezeka na kuwa vidogo vidogo, mpaka 177 kwa 177, simu iliyo mbali haiwezi kuvisoma. Kanuni tunayotumia ni moja kwa kumi, mtu akiwa mita 10 kutoka kwenye skrini QR iwe na upana wa kama mita 1 pale ukutani. Ndiyo, kubwa hivyo. Zunguka na nafasi nyeupe ya visanduku vinne kila upande, visanduku vyeusi juu ya nyeupe, usigeuze rangi ili ifanane na slaidi zako. Na chini yake andika anwani kwa maandishi, kuna watu simu zao kamera imevunjika na kuna wanaofuatilia kwa kompyuta.

Tatu usiiweke slaidi ya mwisho TU. Iweke ya pili pia, useme "sauti zote na majedwali yapo hapa". Watu wakishajua hivyo wanaacha kupiga picha kila slaidi, wanakutazama. Ya mwisho iache ikae skrini wakati wote wa maswali, badala ya ile slaidi ya "ahsanteni" ambayo haina kazi.

Mshale22

Hiyo ya slaidi ya pili nimeipenda mno.

Kuhusu kuwahiwa mkuu, mimi nadhani hofu yako igeuze. Ukipandisha Zenodo kunakuwa na tarehe na DOI yenye jina lako, atakayekuja na wazo hilohilo baadaye kila mtu anaona nani alitangulia. Ukikaa nalo kimya ukaliongea tu ukumbini ndo huna ushahidi wowote. Ila soma sera ya jarida unalolilenga kabla hujapandisha, mengi hayana shida na mada za kongamano wala rasimu lakini si yote, na kama wanahakiki bila kujua majina basi kichwa cha pepa kisifanane na cha ukurasa wakaja kukutambua, watumie wahakiki nakala isiyo na jina.

Bi_Fahirisi

Sahihi. Na kama hutaki kutoa data yote sasa unaweza kuweka mafaili yaliyofungwa, maelezo yanaonekana kwa kila mtu ila faili lenyewe halifunguki mpaka tarehe utakayoweka. Weka na leseni, CC BY 4.0 inatosha, inamruhusu mtu atumie mradi akutaje. Bila leseni mtu mwaminifu ataogopa kutumia na asiye mwaminifu atatumia hivyohivyo.

Jambo moja la mwisho kutoka kwangu, Zenodo inakuruhusu kuchukua DOI mapema kabla hujachapisha, kwa hiyo unaweza kuiandika kwenye slaidi leo na kuendelea kusafisha data mpaka mkesha wa kongamano. Ila ukumbuke kubonyeza chapisha! DOI iliyohifadhiwa tu haimfikishi mtu popote.

Kituo_Kifupi

Wakuu nimerudi, wiki sita zimepita, nisameheni kwa ukimya. Niwaambie ilivyokuwa maana nawadai shukrani.

Niliomba kibali cha ziada, kamati ikakubali, wahojiwa watatu wakasaini ridhaa mpya, mmoja akakataa na nikamwelewa. Kwa hiyo ukurasa una sauti halisi tatu, mivumo mitano ya "hum" na moja nimesoma mwenyewe. Kazi yote ilinichukua kama siku nne, mbili kati ya hizo ni kuandika ile aya ya juu. Niliiandika mara saba. Nilipokuwa naiandika nikagundua kwamba hata mimi mwenyewe nilikuwa sijui vizuri nimekuta nini, nilikuwa na majedwali tu, nikaenda kubadilisha na slaidi zenyewe zikapungua kutoka 19 hadi 11.

Siku yenyewe wifi ya ukumbini ilikuwa nzito lakini ukurasa ulifunguka, ni kilobaiti chache tu kabla hujabonyeza sauti, Tarakimu Mungu akubariki. QR nikaiweka ya pili na ya mwisho kama Neema alivyosema, niliona simu zinanyanyuka alafu zinashuka, watu wakanitazama. Na swali la kwanza kabisa, sitanii, lilikuwa "kwa nini 250, ungekata kwenye 150?" Nikawapeleka sehemu ya tatu, mama mmoja mtu mzima aliyeuliza akawa anaangalia kwenye simu yake huku naongea, akasema "kumbe mwelekeo unabaki ila vituo vya ndani ya kirai (kundi la maneno ndani ya sentensi) vinaongezeka". Ndivyo ilivyo, na mimi hiyo ya ndani ya kirai nilikuwa sijaiona hivyo. Tumebadilishana mawasiliano, atanitumia matini zake.

Sasa nina tatizo jipya. Jana nimegundua kwenye jedwali la 200 nimehesabu msomaji mmoja mara mbili. Haibadilishi hitimisho ila namba tatu zinasogea. Nirekebishe kimyakimya tu au?

Mzee_wa_Jedwali

Kimyakimya hapana kijana wangu. Kuna mtu ameshadaunlodi ya zamani na siku akilinganisha ataona namba mbili tofauti chini ya jina lako bila maelezo, hapo hata zilizo sahihi ataanza kuzitilia shaka. Kwenye Zenodo toa toleo jipya, la zamani linabaki pale na DOI yake na jipya linapata yake, na kuna DOI moja ya jumla ambayo siku zote inafungua toleo la karibuni. Kwenye ukurasa andika juu, si chini kabisa, tarehe na kilichobadilika na kwa nini. Mistari miwili inatosha.

Bi_Fahirisi

Na yule mama mwandikie mwenyewe leo, usingoje aikute.

Kituo_Kifupi

Nimemwandikia asubuhi hii. Toleo la 2 limeshapanda, juu ya ukurasa nimeandika hivi: "Jedwali la milisekunde 200 limerekebishwa. Msomaji 23 alihesabiwa mara mbili katika toleo la 1, thamani tatu zimebadilika na zimewekewa alama. Hitimisho halijabadilika." Wayback nayo nimeuhifadhi upya.

Mama amejibu baada ya saa moja, anasema alikuwa ameshaanza kutumia jedwali hilohilo kulinganisha na matini zake, na kwamba ameshabadilisha.